Maji ya radiateri yanaenda wapi?



Juma hili naomba mniruhusu niache jikoni kidogo, twende pamoja garaji. Najua wamoja kati yenu watasema: «Mambo ya moteri ni ya wanaume, sisi tunajua sufuria.» Mimi pia nilisema hivyo, mpaka siku niliyoona mali ya mama 22 inatoka kwa bomba la moshi. Na nitawaonyesha kwamba mwenye kujua sufuria amekwisha kujua nusu ya moteri.

Wengi wenu mnajua kwamba kikundi chetu cha AVEC hapa Bukavu kilinunua basi ndogo, la mitumba, la esansi. Tuliweka akiba kwa mizunguko miwili katika sanduku letu la kufuli tatu. Tulitaka basi hilo litubebee ndagala kutoka Uvira na mchele wa bonde la Ruzizi, tuache kulipa wenye magari kila juma. Tulimpa usukani kijana wa mama mmoja wa kikundi. Mimi niliwekwa kuandika daftari la matumizi.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya furaha. Kisha kijana akaanza kuomba franga za dawa ya radiateri, yaani yale maji ya rangi ya kupoza moteri. Mara ya kwanza alisema: «Mama, kuna maji yanapotea, sioni yanapopotelea.» Nilimjibu: «Ongeza, uende, kesho ni soko.» Nikaandika: lita 1. Juma lililofuata, lita 1 tena. Mwezi uliofuata ilikuwa bidoni ya lita 5 kwa juma. Mwishowe ikawa bidoni moja kwa kila safari.

Hapo maneno yakaanza. Mmoja alisema: «Maji hayo anayanywa katika chupa za bia.» Mwingine alisema alimwona na viatu vipya. Mama yake alisikia, akaacha kuja kwenye mikutano. Mimi niliyekuwa na daftari mkononi sikusema neno.

Siku moja ya Tano, katika kupanda Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi, basi lilianza kutoa moshi mweupe, mzito, mpaka gari la nyuma likawasha taa. Abiria waliruka chini wakidhani ni moto. Kijana alisimamisha na kuzima moteri, akaketi kwenye jiwe. Jioni walituvutia basi mpaka mjini kwa kamba. Fundi wa kwanza alifungua kifuniko, akaangalia kwa dakika mbili, akasema: «Moteri imekufa. Tafuteni dola 1,400 za moteri ingine.» Wamoja wakasema tuuze basi kwa bei ya vyuma.

Mama mmoja mzee wa kikundi, asiyejua hata kufungua mlango wa gari, aliuliza: «Kabla ya kulia matanga, ni nani aliyehakikisha kwamba mgonjwa amekufa?» Neno hilo lilituokoa. Tulitafuta fundi wa pili, nikaomba nisimame karibu naye na daftari langu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Moteri ni sufuria iliyofunikwa

Ndani ya moteri esansi inaungua maelfu ya mara kwa dakika. Joto lile lingeyeyusha vyuma kama hakungekuwa na maji ya kuyapoza. Pompi inasukuma maji yapite katika njia ndogo ndani ya moteri, yachukue joto, yaende kwa radiateri ipulizwe na upepo, kisha yarudi. Ni maji yale yale yanayozunguka. Hayanyweki kama esansi. Moteri nzima haiombi kuongezwa maji kila juma. Ikiomba, jua kwamba kuna mahali yanatokea.

Sasa fikirini maharage. Ninyi mliopata kupika Uvira na Bukavu mnajua kwamba hapa kwetu maharage yanakawia kuiva. Si kuni mbaya. Kando ya bahari maji yanachemka kwenye nyuzi 100 za joto, lakini Bukavu, yapata metre 1,500 juu, yanachemka karibu na nyuzi 95. Na moteri inapenda kufanya kazi karibu na nyuzi 90. Mnaona nafasi ni ndogo kiasi gani?

Ndiyo sababu radiateri ina kifuniko chenye ressori na mpira. Kinafunga presha ndani, sawa na ile sufuria ya presha, na maji hayachemki upesi. Mpira ule ukizeeka, presha inatoroka, maji yanachemka mapema katika mlima na kumwagika kama mvuke. Kifuniko kipya ni bei ndogo. Moteri iliyokufa kwa sababu ya kifuniko ni bei ya nyumba ya mbao.

Maji yana milango mitatu ya kutokea

Mlango wa kwanza ni nje. Mpira wa maji umepasuka, radiateri imetoboka, au pompi imechoka. Mara nyingi utaona matone chini. Lakini sikiliza vizuri: kuna kuvuja kunakotokea tu wakati moteri ina joto na presha. Tone linaanguka juu ya chuma cha moto na kukauka pale pale. Asubuhi huoni kitu chini, lakini kwenye mpira au kwenye chuma kunabaki alama nyeupe au ya rangi ya dawa, kama chumvi iliyokauka.

Mlango wa pili ni mvuke. Kifuniko hakishiki presha, vantilateri haizunguki, au radiateri imezibwa na matope na majani. Moteri inapata joto kupita kiasi, inatapika maji.

Mlango wa tatu ni ndani, na ndio unaoogopesha. Kati ya kichwa cha moteri na sehemu ya chini kuna kibati chembamba ambacho mafundi wetu wanakiita jwenti ya kilasi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto, maji na mafuta. Moteri ikizidi joto, kichwa kinapinda kidogo sana, jicho halioni, na jwenti inaungua. Hapo maji yanaingia mahali pa moto, yanageuka mvuke, yanatoka kwa bomba la moshi. Ule ndio moshi mweupe wa Ngomo. Wakati mwingine jwenti ni nzima lakini kichwa chenyewe kimepasuka, na alama zinafanana.

Kusoma moshi

Si kila moshi mweupe ni msiba. Asubuhi ya baridi, moteri ikiwashwa, bomba linatoa moshi mwepesi kama pumzi ya mtoto anayeenda masomo alfajiri. Ni unyevu tu, na katika dakika chache unaisha. Usiite fundi.

Moshi mweupe mzito, unaoendelea hata moteri ikiwa imepata joto, unaoning'inia nyuma ya gari, na maji yanapungua: ni jwenti au kichwa. Ikiwa ndani kuna dawa ya radiateri, unasikia harufu tamutamu. Ikiwa shofere ameweka maji matupu ya bomba, harufu hiyo haipo, lakini shida ni ile ile.

Kwa gari la mazutu, moshi mweupe wenye harufu kali ya mazutu, hasa kwenye baridi, unaonyesha mara nyingi mazutu yasiyoungua vizuri. Ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni ingine. Moshi wa buluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Moshi mweusi ni esansi au mazutu yaliyozidi hewa.

Mambo ambayo mama anaweza kufanya mwenyewe

Hakuna ufunguo unaohitajika hapa. Ni macho, pua na daftari.

1. Asubuhi, kabla ya kuwasha, tia alama ya kalamu kwenye chupa ya maji iliyo kando ya radiateri. Kesho yake, moteri ikiwa baridi, linganisha. Fanya siku saba. Andika.

2. Usiku, tandika karatoni safi chini ya moteri. Asubuhi angalia matone: meusi au ya kahawia ni mafuta; ya kijani, ya waridi au ya buluu ni dawa ya radiateri; yasiyo na rangi yanaweza kuwa maji matupu.

3. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia katika mafuta. Usiwashe tena moteri hiyo. Lakini povu kidogo tu chini ya kifuniko cha mafuta, kwa gari linalotembea safari fupi fupi, linaweza kuwa unyevu wa kawaida. Angalia kijiti kwanza.

4. Shika mpira mkubwa wa juu wa radiateri mara tu baada ya kuwasha moteri iliyolala usiku mzima, mikono na kitambaa chako mbali na vantilateri. Kama katika dakika moja au mbili umekuwa mgumu kama jiwe na maji bado ni baridi, ni presha ya moto inayoingia katika maji. Ni alama ya jwenti.

5. Uliza shofere kama mshale wa joto unapanda katika milima, na kama moteri inatetemeka asubuhi dakika ya kwanza kisha inatulia. Maji yaliyoingia katika silinda moja usiku yanafanya hivyo.

Na neno juu ya mshale. Shofere wengi wanasema: «Nilikuwa naangalia mshale, haukupanda.» Maji yakiisha kabisa, kile kipimio hakiguswi tena na maji, kinabaki katika hewa. Mshale unaweza hata kushuka wakati moteri inaungua. Mshale ukianguka ghafla katika mlima, simama.

Mambo ambayo fundi anapaswa kukuonyesha

Fundi akisema jwenti imeungua, usikatae na usikubali. Sema: «Tata, nionyeshe.» Fundi mwema hachukii neno hilo.

Anaweza kufungua kifuniko cha radiateri moteri ikiwa baridi, kuwasha, na kukuonyesha mapovu yanayopanda pasipo kuisha. Anaweza kufunga pompi ndogo ya presha kwenye radiateri, moteri ikiwa imezimwa: presha ikishuka na hakuna tone nje, maji yanaingia ndani. Anaweza kutoa buji. Ile ya silinda inayoingiwa na maji mara nyingi ni safi kuliko wenzake, kana kwamba imeoshwa. Na kuna dawa ya rangi ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa radiateri: ikigeuka njano, moshi wa moto unaingia katika maji. Kwetu alitumia tatu kati ya hizo, na zote zilisema neno moja.

Ikiwa ni lazima kufungua, usikubali abadilishe jwenti tu na kufunga. Kichwa kinapaswa kupimwa na rula ya chuma kama kimenyooka, na kama kimepinda kipelekwe kwenye mashine kinyooshwe. Kiangaliwe kama hakuna ufa. Bolti zikazwe kwa mpangilio na kwa ufunguo wenye kipimo, si kwa nguvu za mkono. Na kubwa zaidi: atafute sababu iliyochoma jwenti ya kwanza. Pasipo hiyo, ya pili nayo itaungua.

Kuna mambo matatu ya kukataa. Usikubali unga wa kuziba, yai wala pilipili ndani ya radiateri. Yanaziba leo tundu dogo, na kesho yanaziba njia zote za maji. Usikubali termostati itolewe «ili moteri ipoe». Moteri inayofanya kazi baridi inakula esansi zaidi na kuchakaa upesi. Na maji matupu ya bomba yasiwe mazoea. Yanaleta kutu na kula vyuma taratibu. Dawa ya radiateri ichanganywe na maji safi kama chupa yake inavyoonyesha, mara nyingi nusu kwa nusu.

Tuliyoyaona ndani

Fundi wa pili alifungua moteri mbele yetu siku ya Posho. Jwenti ilikuwa imeungua upana wa kucha, kati ya silinda ya pili na njia ya maji. Kichwa kilikuwa kimepinda kidogo, hakina ufa. Moteri haikuwa imekufa. Kazi yote, pamoja na mashine, kifuniko kipya, mipira mipya na mafuta mapya, ilikuwa dola 380.

Kisha akatuonyesha sababu. Nyuma ya moteri, mahali ambapo mkono unaingia kwa shida, kulikuwa na mpira mdogo wenye ufa, na alama ya kijani iliyokauka juu ya chuma. Hapo ndipo maji yalianza kupotea, tone kwa tone, miezi mingi kabla ya Ngomo. Aliomba daftari langu, akapitisha kidole kwenye mistari: lita 1, lita 1, lita 5, lita 5. Akasema: «Mama, ugonjwa wote umeandikwa humu. Katika mistari hii ya kwanza, ilikuwa mpira wa dola 10.»

Mama wapenzi, nililisoma daftari hilo mbele ya kikundi chote, na sikuficha sehemu yangu. Kijana alisema ukweli tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze maji aende, kwa sababu niliogopa kukosa soko moja. Kisha tukakosa masoko ya mwezi mzima, na wakati wa kugawana, fungu la kila mama lilikuwa dogo kuliko tulivyoahidiana.

Tulikwenda nyumbani kwa mama yake, tukamwomba msamaha yeye na kijana wake. Mama amerudi kwenye mikutano. Kijana alitusamehe, lakini usukani wetu hakuushika tena. Anaendesha gari la mtu mwingine. Shofere mpya tumempa daftari lake mwenyewe. Akiandika maji mara mbili katika juma moja, basi linaingia garaji, hata kama kesho ni soko.

Kwa usalama wa nyumba

Kabla sijafunga, haya ni kwa kila mama, mwenye gari na asiye na gari.

Usifungue kifuniko cha radiateri moteri ikiwa na moto, hata kwa kitambaa. Maji yale yako chini ya presha, yanaruka usoni. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya radiateri pasipo kuchomeka. Na usimwage maji baridi katika moteri ya moto, kichwa kinaweza kupasuka.

Mtu akiungua, weka mahali palipoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na nguo zisizoshikamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, mawese, yai wala unga. Funika kwa kitambaa safi. Akiwa ni mtoto, au ni uso, mikono, au sehemu kubwa, nenda kituo cha afya.

Na dawa ya radiateri ni sumu yenye utamu. Watoto na wanyama wanaipenda. Inaharibu figo, na kiasi kidogo kinaweza kuua. Usiiweke kamwe katika chupa ya maji au ya vinywaji. Mtoto akiionja, usingoje uone alama. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na chukua chupa ile mkononi, waganga waione.

Juma lijalo tutarudi jikoni. Lakini kama kikundi chenu kina gari, moto, mashine ya kusaga au jenereta, leteni daftari lake la matumizi kwenye mkutano wa siku ya Posho. Tutalisoma pamoja, mstari kwa mstari.

Mbaki na amani.